Gramu Mia Moja na Tisini za Sahani

Cucu,

Bibi yangu, kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama alipokuja kutoka Nkubu kwa mazishi yako tukalala kitanda kimoja siku nne. Kwa siku ishirini na moja nilikupimia chakula pamoja na sahani.

Ulitakiwa kula gramu mia nne na hamsini mchana, na mia nne na hamsini jioni. Sahani yako ya bati, ile yenye ukingo wa buluu, ina gramu mia moja na tisini. Niliiweka juu ya mizani, nikapakua mpaka namba ikafika, nikasema, "Imetosha, Cucu." Haikuwa imetosha. Ulikuwa unakula mia mbili na sitini, na zilizobaki zilikuwa bati.

Ninaandika leo Jumamosi kwa sababu kesho baada ya ibada nimepangwa kusimama mbele ya akina mama wa kanisa. Tata Wawira, binti yako wa ofisi, anataka niwaonyeshe jinsi nilivyokupimia. Amesema mizani nyingine kumi zinakuja. Amesema mimi ni mfano. Ninajua nikifungua mdomo kesho nitasema moja kati ya mambo mawili, na la kwanza ni uongo.

Unakumbuka siku alipoileta? Alishuka kwenye gari na kile kidude cha kioo, chembamba kama daftari la kurasa tisini na sita, akakiweka mezani kama anayeweka Biblia. Daktari alikuwa amekuambia upunguze mwili kwa ajili ya magoti na presha. Hakusema zaidi ya hapo. Tata ndiye aliyeongeza mengine yote: kalori, protini, wanga, na "nidhamu", neno analolipenda kuliko jina lake. Akapima nyanya moja. Nyanya moja tu, juu ya kioo kitupu, bila sahani, bila bakuli. "Mmeona? Rahisi." Halafu akaninyooshea kidole. "Huyu anajua hesabu, yuko likizo, atakusimamia." Akarudi Embu mjini kabla ya chai kuchemka.

Hakuuliza ni nani katika boma hili hula nyanya moja juu ya kioo.

Na ile programu aliyoniwekea kwenye simu! Nilitafuta mukimo, haikuujua. Nilitafuta nduma, magimbi yetu haya, ikaniletea samaki. Githeri, mahindi na maharagwe tu, ilisema hakuna. Nilipompigia, Tata aliniambia niandike mukimo kama "viazi vya kupondwa na siagi", ni kitu kimoja. Kwa hiyo kila ulipokula mukimo wa majani ya malenge na mahindi, simu ilikuhesabia siagi. Siagi, Cucu, katika nyumba ambayo mkate wenyewe huja Krismasi. Nilijua ni upuuzi. Niliandika tu, kwa mwandiko mzuri, katika daftari lenye mistari niliyoipiga kwa rula.

Ninaidharau mizani ile. Inajizima yenyewe ukichelewa kupakua, kama mgeni anayetazama saa. Ninamdharau Tata pia, na ninajua ni dhambi. Lakini dharau yangu kubwa ni kwa yule msichana mwenye rula, aliyesimama na mwiko mkononi akikutazama chini ya miwani. Siku ya sita uliniomba kipande kimoja zaidi cha nduma. Ulisema, "Kidogo tu, karani wangu." Nikakuonyesha namba. Nilikuonyesha namba wewe, uliyenilea tangu nikiwa na miaka mitatu.

Karani. Wewe ndiye uliyenipa jina hilo, na ninajua ulikolitoa. Miaka yote uliyochuma majani chai uligombana na karani wa kituo, kwa sababu alikuwa akikata kilo nzima kwa ajili ya uzito wa gunia. "Gunia langu ni la mawe? Lipime likiwa tupu, nione!" Wanaume kwenye foleni walicheka, wewe ukabaki palepale umeshika kiuno, mpaka gunia tupu likapimwa, likatoka chini ya nusu kilo. Nilikuwepo mara nyingi. Nilikuwa nimekaa kwenye ukuta, ninasoma kitabu. Ningeinua macho mara moja tu ningejifunza jambo ambalo watoto wote wa hapa Kanja wanalijua: chombo hupimwa kwanza.

Asubuhi ya siku ya ishirini na mbili betri iliisha. Nilifungua boksi kutafuta nyingine, nikakuta karatasi ya maelezo ambayo Tata hakuisoma, na mimi, msomaji mkubwa, sikuitafuta. Kulikuwa na picha ya bakuli tupu juu ya mizani, na kidole kikibonyeza kitufe cha kurudisha sifuri. Nilikaa sakafuni. Nilipima sahani yako. Mia moja na tisini. Nikaipima tena, kana kwamba ingenihurumia.

Ningekuja kukuambia. Ulikuwa nje, unachambua maharagwe. Nilifika mpaka mlangoni nikarudi ndani.

Mchana huo nilibonyeza kitufe. Chakula kikapanda mpaka ukingo wa buluu haukuonekana. Ulitazama sahani, ukanitazama, ukasema, "Leo mizani imeamka vizuri." Nikasema ndiyo. Siku nne baadaye ulianguka karibu na zizi. Daktari alisema ni presha, ingekuja tu, si chakula. Ninamwamini. Hainisaidii.

Kwenye mazishi Tata alisoma wasifu wako. Alisoma ulivyozaliwa, ulivyobatizwa, watoto, wajukuu, kisha akasoma kwamba katika mwezi wako wa mwisho ulikuwa umepunguza kilo nne. Mbele ya jeneza. Mama Njeru, jirani yetu, alisema kwa sauti ambayo safu tatu ziliisikia, "Kwani ni ng'ombe wa mnada?" Watu walikohoa kuficha kicheko. Mimi sikucheka. Nilijua kilo zile zilikotoka.

Sasa ni giza. Guka amelala peke yake kwenye kitanda chenu. Sijui nitasema nini kesho.

*

Jumapili, saa kumi jioni.

Nimerudi, Cucu. Nitakueleza jinsi ilivyokuwa.

Walikuwa akina mama kama thelathini. Tata alivaa suti ya zambarau. Aliweka mizani juu ya meza ya sadaka, akaweka daftari langu kando yake, akasema, "Huyu ndiye aliyemsimamia mama yetu. Namba hazidanganyi. Njoo, mwanangu, waeleze." Nilianza kusema, nikasikia sauti yangu ikiishia kwenye kola.

"Sema kwa sauti!" Mama Njeru akaniambia kutoka nyuma. "Sisi si panya, hatutakuuma."

Nikasema kwa sauti. Nilisema nilikupima pamoja na sahani. Nilisema gramu ngapi, na siku ngapi. Nilisema namba za daftari lile si za kweli hata moja mpaka ukurasa wa mwisho, na kwamba aliyekonda hakukonda kwa nidhamu, alikonda kwa njaa niliyompa mimi.

Tata alitabasamu kile kitabasamu chake cha ofisini. "Mtoto amechanganywa na msiba," akawaambia. "Mumwelewe."

"Sijachanganyikiwa, Tata," nikasema. "Sikujua uzito wa sahani unatolewa. Hukunionyesha, na mimi niliona haya kukuuliza."

Hakuna aliyenipigia makofi. Mama mmoja alisema masikini, mwingine akasema watoto wa siku hizi na simu. Tata alifunga mizani ndani ya mkoba wake bila kunitazama, akaninong'oneza, "Umeniaibisha mbele ya watu niliowaita." Ilikuwa kweli.

Lakini Mama Njeru alikuwa bado amesimama. Alisema, "Mimi hiyo siiamini. Mama aliyepima gunia tupu mbele ya wanaume apimiwe sahani siku ishirini na moja anyamaze? Huyo si yule tuliyemzika."

Maneno hayo nilitembea nayo mpaka nyumbani.

Guka hakuwa ameenda kanisani kwa sababu ya mguu. Nilimkuta jikoni akichochea moto. Nilimwambia yote, nikiwa nimesimama, nikiwa bado na viatu vya kanisani. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Alijua siku ya pili."

Nikamwuliza alijuaje. Akanitazama kama karani wa chai alivyokuwa akitazamwa na wewe. "Angekosaje kujua? Alisema, mtoto anapima na sahani. Nikamwambia, basi mwambie. Akasema hapana. Ukimwambia huyu amekosea, atanyamaza wiki nzima na kitabu chake, na likizo ni fupi."

Guka alikuwa akikupa viazi vyake jioni, nikiwa nimetoka kuosha vyombo. Ulikataa. Ulimwambia mtoto ameshaandika kwenye daftari, ukila zaidi daftari lake litakuwa la uongo.

Cucu.

Sijui nikasirike na nani sasa. Na mimi, ndiyo, hilo limezoeleka. Lakini na wewe pia. Yule karani wa kituo, mtu mzima, mwenye kalamu tatu mfukoni, ulimwona anafaa kuambiwa ukweli usoni. Mimi hukuniona nafaa. Ulikaa na njaa ili nisinune. Ulinipima wewe pia, ukaona mimi ni mwepesi kiasi hicho. Watu wote watasema huo ni upendo. Mama atalia akisikia, atasema ni upendo. Mimi nimekaa hapa mezani ninaona ni dharau, ya upole, lakini dharau, na kinachoniuma ni kwamba ulikuwa na haki. Ningenuna. Wiki nzima. Unakumbuka uliponirekebisha namna ya kufunga mbuzi, nikiwa darasa la saba? Sikusema nawe tangu Jumatatu mpaka Ijumaa.

Kwa hiyo hii ndiyo ahadi yangu, na si ya kuimbwa kanisani. Nikikosea, nataka niambiwe. Nikiambiwa, nitabaki hapohapo, sitakimbilia kitabu. Na kitu nisichokijua nitakiuliza, hata kwa Tata, hata sauti ikiishia kwenye kola. Jumatatu ninarudi shuleni na mwalimu wa fizikia atashangaa, kwa sababu tangu kidato cha kwanza hajawahi kuona mkono wangu juu.

Kwaheri, Cucu wangu. Sijui kama huko mnakula. Kama mnakula, usikubali mtu akuambie imetosha kabla hujasema mwenyewe.

Mjukuu wako mwenye jina lako,
Igoki

Nimesahau kukuambia nilichofanya baada ya Guka kusema yale. Nilivua viatu. Nilichukua daftari, kwa maana Tata aliliacha kwenye meza ya sadaka, na kalamu nyekundu, nikapita kila mlo tangu siku ya kwanza, mchana na jioni, milo arobaini na miwili. Kila palipoandikwa mia nne na hamsini nilikata nikaandika mia mbili na sitini. Ilichukua karibu nusu saa. Kisha nikajumlisha zilizopungua, zikatoka kilo saba na gramu mia tisa na themanini. Guka aliuliza hizo ni kiasi gani. Nikaenda stoo, nikajaza viazi kwenye ndoo mpaka karibu na ukingo, kwa kukadiria kwa mkono, nikaileta nikaiweka mbele yake. Aliitazama. Akasema, "Zilikuwa nyingi."

Nikasema, "Ndiyo, Guka, zilikuwa nyingi."

Akanisogezea kigoda, nikakaa karibu naye.