Sauti ya Wifi

Jumatatu, 3 Machi

Wifi kapoteza sauti. Si mafua. Tulikuwa mazoezini, sebuleni kwao, tumefika kwenye kiitikio, akapanda — hola! Pumzi tupu. Tukacheka. Akajaribu tena. Hatukucheka tena. Kaka akatoka jikoni na mwiko mkononi, akauliza mbona kimya.

Tamasha ni mwisho wa mwezi, na albamu inatoka juma hilohilo. Miaka yote tumeimbia harusi za watu wasiosikiliza, ndiyo kwanza tumepata jukwaa la maana. Mimi ni gitaa na sauti ya pili. Sauti ya pili ya nani sasa?

Jumatano, 5 Machi

Daktari wa koo kasema ni kivimbe kwenye nyuzi za sauti. Wifi asiongee kabisa. Hata kunong'ona marufuku! Arudi Ijumaa ijayo. Kaka akatania kwamba siku hii kaisubiri tangu afunge ndoa. Wifi akamtupia kandambili. Nilicheka mpaka machozi — halafu machozi yakaendelea yenyewe.

Jumapili, 9 Machi

Meneja wetu kapiga simu. Kaanzia mbali, habari za nyumbani, mgonjwa anaendeleaje, kisha akatema: kuna binti wa kwaya, nyimbo zetu anazijua zote. Ajaribiwe tu. Nikamwambia kundi letu ni la watu wawili. Akasema ndiyo, na mtakuwa wawili.

Wifi sijamwambia.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeenda studio. Nilijidanganya kwamba naenda kukataa ana kwa ana. Yule binti mpole, ananiita dada. Akaimba. Mungu wangu! Kile kipande cha juu ambacho Wifi hukifikia kwa kukaza shingo, yeye alikipanda kama ngazi za kwao. Sauti zetu zikakaa pamoja papo hapo. Mwili ukanisisimka. Nilifurahi — hilo ndilo linalonitisha. Tukarudia. Aliyeomba turudie ni mimi.

Jioni, mezani kwao, Wifi akanisogezea simu, kaandika: ulikuwa wapi? Nikasema sokoni. Akaitazama mikono yangu mitupu. Akafuta, akaandika tena: anaimba vizuri?

Kumbe meneja alishamweleza kaka.

Nikasema ndiyo, vizuri sana. Wifi akaitikia kwa kichwa, akanipakulia chakula kama kawaida. Afadhali angenitupia kandambili.

Ijumaa, 14 Machi

Niko kwenye benchi, nje ya chumba cha daktari. Wifi ndiye aliyetaka nije. Njia nzima kanishika mkono, wake wa baridi kama maji ya mtungi. Sasa yuko ndani na kaka. Meneja anataka jibu leo, mabango yanakwenda kuchapwa.

Mlango haukufungwa vizuri. Daktari anamwambia aseme aaa, taratibu, asilazimishe. Kimya. Anamwambia tena.

Imetoka! Lakini nzito, ina mikwaruzo, sauti ya mtu nisiyemjua. Kaka anacheka au analia, sijui. Daktari anasema kuongea ataongea, asiwe na shaka. Kuimba — hapo kashusha sauti, simsikii.

Simu inatetemeka mapajani. Meneja.

Wifi katoka. Kaliona jina kwenye kioo cha simu. Kanyoosha mkono.

"Nipe," kasema, kwa sauti hiyohiyo mpya.

Nimempa. Yuko dirishani, kanipa mgongo, anaongea naye. Kaka ananiuliza anasema nini. Sijui. Mimi naona mabega tu.