Kinanda cha Maombi Ndani ya Filamu ya Kiama

Muthoki, usicheke. Filamu ya yule kijana Kiama imeonyeshwa leo hapa ukumbi wa kanisa Kitengela, na muziki wangu umeiharibu. Mimi! Na masomo yote yale ya jioni ya kutunga muziki wa filamu!

Unakumbuka mwisho niliokusimulia, mama analia halafu mwanawe aliyepotea anatokea mlangoni? Hapo nilirekodi kinanda polepole, vile huwa nampigia pasta akianza maombi. Huzuni mimi naijua hivyo tu.

Sasa watu wakasikia kinanda. WAKAFUNGA MACHO. Ukumbi mzima, Muthoki! Mama Wacuka akainua mikono, "Asante Yesu!" Mwingine akaenda mbele kuokoka, akapiga magoti chini ya skrini.

Kufungua macho, filamu imeisha. "Kwani mtoto alirudi?" wanaulizana. Kwani mtoto alirudi!

Kiama akanivuta kando. "Dada, watu wameiombea filamu yangu, hakuna aliyeiona. Hapo mwisho natoa muziki wako, naweka kimya." Kimya! Na muziki ule niliuombea mpaka nikafunga kula. Filamu ijayo anampa mtu mwingine.

Nilitaka kumjibu kwamba mtoto alionekana vizuri. Lakini hata mimi nilikuwa nimefunga macho.