Bima Mbili kwa Nyumba Moja

Sorrel Ridge, California
Mwishoni mwa Aprili

Mdogo wangu Opal,

Salamu nyingi kutoka huku juu. Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti limepoa, maana najua huendi kwa daktari mpaka uburutwe. Mimi sijambo. Meno yananiuma lakini mdomo bado unafanya kazi, kama utakavyoona.

Sasa kaa chini. Mwezi wa pili kampuni ya bima iliniandikia kwamba haitaikatia tena nyumba yangu bima. Miaka yote hiyo tumewalipa, mimi na marehemu mume wangu Hollis, na hatujawahi kudai hata kigae cha paa. Eti wamepiga picha kutoka angani wakaona nyumba iko kwenye hatari ya moto. Wananichungulia kama mwewe anavyochungulia kifaranga, hata hodi hawapigi! Na benki iliyotukopesha tulipojenga upya jikoni haitaki nyumba isiyo na bima. Mwisho wa Aprili ukinikuta mikono mitupu, nyumba iuzwe.

Nikawapigia simu. Msichana aliyepokea akasema naweza kuomba wafikirie upya, nitume picha zinazoonyesha ninavyoitunza nyumba. Haya. Wewe unajua huku milimani mtu hupimwa kwa kuni zake. Nikazipanga zote upya ukutani, kuanzia mlango wa jikoni mpaka chini ya dirisha la chumbani, zimenyooka kama meno ya bandia. Nikavaa gauni la kanisani, nikasimama mbele yake, mke wa mchungaji akanipiga picha. Nilipoituma nilijua nimewamaliza.

Jibu likaja upesi. Wamekataa tena, na safari hii walikuwa na sababu nzuri zaidi.

Picha ile nilimwonyesha Chuy Barragán, jirani yangu, yule zimamoto wa kujitolea. Alicheka mpaka akashikilia uzio. Akaniambia, Bibi Verna, umewatumia picha ya kiberiti na wewe umesimama kando yake. Akaeleza kwamba kuni zikigusa ukuta, cheche moja tu inatosha. Nikamwambia baba yangu alizipanga hivyo hivyo, na baba yake pia. Akajibu kwamba enzi zao mlima haukuwaka kila kiangazi. Ni kweli, na hilo ndilo lililoniuma.

Mwanangu Wendell naye akapiga simu kutoka Sacramento. Eti niuze, nihamie kwake, ana chumba kizuri juu ya gereji. Juu ya gereji! Nikamwambia mimi si mti wa Krismasi wa plastiki wa kuhifadhiwa huko mpaka Desemba.

Chuy ndiye aliyenipeleka mjini kwa Mai Thao, wakala asiyefungwa na kampuni moja. Mwanamke mdogo, sauti ya chini, hacheki hovyo. Alisema kukataliwa na kampuni moja hakumaanishi kwamba zote zimenikataa. Akawapigia wengine mbele yangu. Wakisikia ninapoishi tu, basi. Kampuni moja ya nje ya jimbo ilikubali, lakini akanionya kwamba hiyo ikifilisika, mfuko wa dhamana wa jimbo hautanilipa. Mwisho akanieleza kwamba kuna mpango wa jimbo kwa watu kama mimi waliofukuzwa kila mlango. Huo unalipa moto na moshi. Bomba likipasuka, mwizi akiingia, au mchungaji akiteleza kwenye ngazi zangu, haumo. Hayo yanahitaji bima ya pili. Nikamuuliza kwa nini nyumba moja ivae bima mbili. Akasema kwa sababu ile ile iliyonifanya nivae sweta na koti. Hakutabasamu hata kidogo. Nikampenda hapo hapo.

Chuy akaja na wenzake wa zimamoto. Wakahamisha kuni mpaka kule kwenye uzio, mbali na nyumba. Wakang'oa vichaka vyote vya ukutani na kumwaga kokoto, wakasafisha majani ya misonobari kwenye paa, wakaziba matundu ya hewa kwa wavu mwembamba wa chuma. Mimi nilipika maharage na mkate wa mahindi, na kuwakaripia waliomwaga kokoto ovyo. Nyumba sasa inafanana na kuku aliyenyonyolewa. Lakini bima zote mbili ninazo! Bei imepanda, sikufichi; lori la Hollis nimeliuza. Mai Thao anasema mwakani, majirani wote wakisafisha kama mimi, atazijaribu tena kampuni za kawaida.

Sasa nakuja kwako. Wewe ulikataliwa bima mara moja tu, ukanyamaza, hata mimi hukuniambia, na Agosti iliyopita moto ukaila nyumba yako nzima. Leo unalala kwenye sofa la mwanao huko Fresno na kuniambia uko sawa. Huko sawa, Opal. Sauti yako kwenye simu naijua.

Kuna jambo hata Wendell sijamwambia. Mai Thao aliponiuliza wangapi wanaishi katika nyumba hii, nilijibu wawili, mimi na mdogo wangu. Sikuwa nimepanga. Mdomo ulitangulia. Lakini niliposikia nilivyosema, nikajua ndicho nilichokuwa nahangaikia miezi yote hii. Kiangazi kilichopita nilikuwa nalala na viatu miguuni, nikinusa moshi hata usipokuwepo. Sitaki kingine kama kile peke yangu. Haya, nimesema, na usinifanye nirudie.

Chumba cha upande wa mashariki nimekipaka rangi. Vitu vyako vimo kwenye bima, hata kama kwa sasa ni sufuria mbili. Sijawahi kuidanganya kampuni yoyote na sitaanza uzeeni. Chuy anashuka Fresno Jumamosi na gari lake. Akukute umefungasha.

Msalimie mwanao na mkewe, uwaambie nawashukuru kwa sofa lao. Wajukuu uwabusu kwa niaba yangu, hata yule anayeng'ata.

Ni mimi dada yako,
Verna