Mazutu ya Kituo cha Afya

Goma, Jumanne. Mvua imenyesha tangu mchana na Mabanga yote haina umeme.

Sijala. Mke wangu ameniuliza kama ninaumwa, nikamwambia ni kichwa. Si kichwa.

Mimi ni prezida wa kamati ya dharura ya mtaa wetu wa Mabanga. Tunalinda mazutu, mafuta ya jenereta ya kituo cha afya, ili umeme ukikatika wagonjwa wasipate shida. Bidoni, madumu ya mafuta hayo, ziko kwenye depo ndogo nyuma ya kituo. Ufunguo ninao mimi, na mwingine anao muzee Bahati, mlinzi wa usiku.

Jumapili tulipokea wakubwa wa mji kwenye salle, ukumbi wa mtaa, waliokuja kuona tunavyojitayarisha kwa hatari. Umeme ukakatika kabla hawajafika. Nilitaka taa, mikro ya kuhutubia, vinywaji baridi. Nilitaka waseme, huyu mtu anajua kuongoza. Nikafungua depo peke yangu, nikapakia bidoni kwenye gari, tukawasha jenereta ya kuazima. Nikasimama kuhutubia juu ya akiba ya dharura.

Walinipigia makofi.

Jioni nikarudisha bidoni tupu. Nilijiambia Jumatatu nitazijaza. Jumatatu ikapita na mambo yangu mengine.

Leo Mama Espérance, muuguzi, amenipigia simu. "Prezida, courant imekatika. Kuko mutoto kwenye mashine ya oksijeni, amezaliwa jana. Leta ufunguo mbio!"

Nimekimbia kwenye mvua huku nikijua hakuna kitu. Hapo ndipo panaponichoma zaidi. Nilikimbia ili nionekane nakimbia.

Nilipofungua depo, Mama Espérance amezitikisa bidoni, moja baada ya nyingine. "Mazutu iko wapi, papa?"

"Labda ilivuja," nikasema.

Amemfunga mtoto kifuani mwa mama yake, akapanda nao pikipiki nyuma ya dereva, kuelekea hospitali kubwa upande wa Keshero. Mimi nimebaki mlangoni, nimeloa, sina la kufanya.

Baadaye simu imelia.

"Mutoto amefika, anapumua," Mama Espérance amesema. Nimeketi chini kwa furaha. Kisha akaongeza: "Lakini haikuvuja. Sakafu ilikuwa kavu. Ni muzee Bahati aliiba. Kesho tunamufukuza."

Nikasema, "Sawa."

Sawa! Muzee wa watu, ambaye Jumapili hata hakuwa kazini.

Nimezunguka nyumbani kama mgonjwa, halafu nimempigia tena. "Mama Espérance, si muzee. Ni mimi. Niliitumia Jumapili kwa wageni."

"Kesho utasema vile mbele ya watu wote," amesema. "Na muzee akiwa pale."

Nimekubali. Nitasema, na kazi hii wampe mwingine.

Lakini kuna swali linalokataa kuniacha: mtoto angekufa njiani, ningempigia kusema ukweli?