Gari la Riziki na Marashi ya Mavyaa

Jumatatu, 8 Septemba

Leo pia nimembeba Riziki mgongoni hadi chuoni, kwenye madrasa. Ana miaka saba na anazidi kuwa mzito, maashallah. Wenziwe wanafanya mazoezi ya zefe la Maulidi, wanapita na bendera njia nzima. Yeye anapiga dufu kibarazani, kwani miguu yake haimsikii tangu azaliwe. Wakati wa kurudi akaniuliza sikioni, "Mama, mwaka huu nami nitapita nao?" Mwaka jana alipita mgongoni mwangu, akaona visogo vya watu tu. Nikamwambia inshallah. Ile inshallah ya kumnyamazisha mtoto. Nimejichukia.

Jumatano, 10 Septemba

Nimepata gari!

Kule Diani, kwenye nyumba ninayofanya usafi, watoto wa wenyewe wamekua. Gari lao la kuchezea lilikuwa linangoja kutupwa. Lile la betri, mtoto anakaa ndani na kukanyaga. Jekundu, limepauka, halina kioo. Nikaomba, nikapewa. Limefika Msambweni juu ya pikapu ya nazi, limefungwa kwa leso, na mimi kando yake. Watu wamecheka njia nzima. Wacheke. Marehemu baba alikuwa fundi redio Ukunda, na mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia tochi. Sikuishika bure.

Jumamosi, 13 Septemba

Kazi kutwa. Kanyagio la mguu nimeling'oa. Waya zake nimezivuta hadi kwenye usukani, nikazitia lehemu kwenye swichi ya honi ya tuktuk moja iliyokufa. Juu ya swichi nimekaza kifuniko cha kopo la maziwa ya unga, Riziki abonyeze kwa kiganja kizima. Akibonyeza, linakwenda. Akiachia, linasimama. Kitini nimeweka kipande cha godoro kuukuu cha kuegemea, na leso ya kumfunga kiunoni.

Jaribio la kwanza: liliruka kama mbuzi aliyekata kamba, likavunja banda la kuku. Riziki alicheka hadi akapaliwa. Mavyaa, mama wa mume wangu, hakucheka. Kuku ni wake.

Jumapili, 14 Septemba

Nimelipunguza kasi. Mota zake mbili nimeziunganisha zifuatane, zigawane umeme. Sasa linakwenda mwendo wa bibi harusi. Likaja tatizo la mchanga, magurudumu ya plastiki yanazunguka palepale. Nimekata tyubu ya pikipiki nikayavisha. Linapanda! Nikapiga kigelegele peke yangu uani, jirani akachungulia kuuliza nani kaolewa.

Jumanne, 16 Septemba

Maalim wa chuo amekataa. Amekataa kwa adabu, jambo ambalo linaudhi zaidi. Anaogopa gari litawakanyaga watoto katikati ya zefe la Jumamosi. Nikamjibu kwamba mwaka jana mimi ndiye niliyekanyagwa na wala hakuna aliyenihurumia. Akasema atakuja Ijumaa baada ya sala alione kwa macho yake. Likisimama pale anapotaka yeye, Riziki atapita. Likikaidi, atakaa kibarazani na dufu lake.

Ana haki. Nimekasirika vilevile.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimerudi kutoka Diani nikakuta nyumba nzima inanuka ubani. Mavyaa amelisomea gari dua, kulikinga na jicho la hasidi. Hapo sina neno, dua naitaka. Lakini amelimwagia na marashi. Si matone, mrashi mzima, ile chupa ya kunyunyizia. Tena yale anayochanganya mwenyewe, yenye unga wa liwa na mafuta. Yote yameingia chini ya kifuniko, ndani ya swichi. Riziki anabonyeza, gari kimya. Anabonyeza tena. Kimya.

Nikamwambia, "Mama, umemkata mwanangu miguu mara ya pili." Mbele ya mtoto. Ulimi hauna mfupa. Mavyaa aliinuka akaingia chumbani kwake, chakula hakugusa. Riziki hakulia. Alishusha mikono yake mapajani, akakaa hivyo ndani ya gari hadi magharibi. Afadhali angelia.

Ijumaa, 19 Septemba

Baada ya alfajiri nimeifungua swichi. Ndani uji mtupu wa liwa. Nimeisafisha kwa spiriti, nikaisugua kwa msasa, nikaianika juani kwenye uteo. Nikiwa nimeinama hivyo, mavyaa akaja akakaa kando yangu. Mkononi ana kile kitambaa chake cha meza cha plastiki, cha maua, ambacho hutoka sandukuni siku ya Idi tu. Amekikata! Amekishona kofia ndogo yenye mpira wa kubana, kama ile ya kuvaa bafuni.

"Nami nalitaka kumkinga tu, mwanangu," akasema. "Sikujua kwamba kitu chenyewe hakitaki maji. Kivishe hii."

Nimembusu mkono, nimemwomba radhi. Nimelia pia, si haba. Kisha tukaivisha swichi kofia yake na kuimwagia kikombe kizima cha maji, sote watatu tumeshika pumzi. Riziki akabonyeza. Likaenda.

Maalim alikuja baada ya sala. Akasimama mbele ya gari yeye mwenyewe, akamwita Riziki aje. Riziki akaja. Maalim akainua mkono, gari likasimama, kanzu yake ikiligusa kwa mbele. Akamrudisha, akamwita tena, mara kadhaa. Mwisho akasema, "Atakaa safu ya mbele. Nyuma atakula vumbi."

Jumamosi, 20 Septemba

Amepita. Mwanangu amepita na wenziwe.

Mimi nilitembea kando, mikono mitupu, nisijue niiweke wapi. Madufu, bendera, watoto na kanzu zao, na katikati yao gari jekundu. Tulipofika kwenye kona ya msikiti nikawaona kina mama wamejipanga pande zote mbili, kila mmoja na mrashi wake. Kila mwaka huwa hivyo. Mimi mwenyewe nimewanyunyizia watoto wa zefe tangu nilipokuwa mwari, na katika siku zote hizi za waya na lehemu sikulikumbuka hilo hata mara moja.

Marashi yakamnyeshea. Kichwani, mikononi, kwenye usukani. Moyo ulinisimama. Gari halikusimama.

Bila ile Alhamisi, lingezimika pale pale, mbele ya watu wote.

Nikamtafuta mavyaa kwa macho. Alikuwa mwisho wa mstari, mrashi wake kaushika kwa mikono miwili, hathubutu kuuinua. Ananitazama. Nikamwashiria kwa kichwa, mmwagie. Akammwagia hadi tone la mwisho.

Jumapili, 21 Septemba

Betri iko kwenye chaji. Mavyaa anatengeneza banda la kuku, nami nimemshikia misumari. Baba yake Riziki amepiga simu kutoka Taru, anakochunga mbuzi zake, Riziki amemsimulia kila kitu mara mbili. Kofia ya swichi bado inanukia. Nimemuuliza Riziki kama kesho nimbebe au aende na gari chuoni. Akasema gari. Akafikiri kidogo, akasema wakati wa kurudi nimbebe, kama sijachoka.

Sijachoka.