Ngazi ya Dungu

Mahege

Zaituni mwanangu,

Salamu kutoka kwa mjomba wako anayenuka tope la mpunga. Daktari aliponiambia nitembeetembee presha ishuke, nilimcheka. Tangu nifungue duka la mitumba, miguu yangu kazi yake kuvaa viatu tu. Huku mama yako mkubwa kanipa kazi ya kuamia ndege wasile mpunga. Nikadhani ni ya kukaa. Kumbe dungu, kile kichanja cha kulindia shamba, lina ngazi, na ndege wakitua mbali sharti ushuke uwafuate na teo la kurushia mawe. Juzi niliwarusha kwa mkupuo mmoja, wakaziba jua hata kuku wakaenda kulala!

Ila siku ya kwanza nilikwama katikati ya ngazi, nikasingizia natazama kiboko.

“Kiboko gani, mdogo wangu?” akacheka mama yako mkubwa. “Huyo anayehema yumo kifuani mwako.”

Nikacheka, lakini niliogopa. Babu yako alikatika pumzi akiwa na umri wangu huu.

Leo nimepanda mara tano bila kusimama. Mengine yangu yapunguze nusu, mwanangu. Hili lisadiki lote.

Mungu akuweke, nami aniweke nikuone ukiolewa.

Mjomba Seifu