Bega la Baba

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba yule mdogo kifua chake kimetulia. Mimi mwili haujambo. Nasema mwili, kwa sababu mengine utayaona huko mbele. Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa vile nakujua: kwenye simu utaniuliza swali kabla sijamaliza sentensi, nami nitapata pa kuponyokea.

Uliniuliza Baba afanye mazoezi gani kwa lile bega, kwa kuwa mimi ndiye mwalimu wa mazoezi katika familia. Wiki iliyopita nilikwenda tena hospitali kwa yule mtaalamu wa viungo aliyemhudumia Baba alipokuwa kwangu, nikamweleza anavyoendelea kama ulivyonieleza. Amesema miezi miwili ya kupumzika imetosha, sasa aanze, ila polepole. Kilichochanika ni msuli wa nyuma ya bega, ule mdogo unaorudisha mkono nyuma. Watu wengi hawajui hata kama wanao mpaka uumie.

Wiki ya kwanza asimame wima, mgongo karibu na ukuta, ayabane yale mafupa mawili mapana ya mgongoni kama anayetaka kushika penseli katikati yake. Ahesabu mpaka tano, alegeze. Mara kumi, asubuhi na jioni. Mabega yasipande masikioni. Yakipanda, mwambie ayashushe, maana hapo shingo ndiyo inayofanya kazi na bega linapewa sifa za bure. Wiki ya pili mkatie kipande cha tyubu kuukuu ya baiskeli. Akishike mbele ya kifua kwa mikono miwili, viwiko vimekunjwa kidogo tu, akivute kwenda pembeni, kisha akirudishe taratibu kuliko alivyokivuta. Kule kurudisha ndiko kunakojenga. Wiki ya tatu alale kifudifudi ukingoni mwa kitanda, mkono ukining'inia, aufungue pembeni kama bawa bila kushika kitu chochote. Hata kikombe, Dada, asishike. Akisikia maumivu makali aache siku hiyo.

Hayo ndiyo uliyoniuliza. Yanayofuata hukuniuliza.

Unakumbuka Baba alivyokuja kwangu kupumzika. Siku ya tatu tu alikuwa ameshanyoosha milango yote ya nyumba niliyopanga na kutengeneza kabati la mama mwenye nyumba, na kazi ikamwishia. Nikaona nimchukue niende naye kazini, kwenye ukumbi wa mazoezi. Akawa anakaa kwenye benchi karibu na tangi la maji ya kunywa, kofia magotini, anatazama watu wakinyanyua vyuma na kuviteremsha. Siku ya kwanza pale aliniuliza kwa upole kabisa vile vyuma vinapelekwa wapi, maana anaona vinarudishwa pale pale. Niliwasimulia wanafunzi wangu wakacheka mpaka wakakaa chini, na tangu hapo akawa mtu wao. Wakamwita Fundi. Mimi wananiita Kocha.

Kila Jumamosi asubuhi nina darasa la watu wa maofisini, wale ambao meza zimewapinda mabega: makarani, mwanamke mmoja keshia, mhasibu mmoja, na bwana mwenye kitambi tunayemwita Meneja ingawa sijui anasimamia nini. Darasa lenyewe ni la misuli ya nyuma ya bega. Ni mimi niliyelianzisha, na ndilo lililonipa jina pale. Kila mtu anapenda kujaza kifua kwa sababu anakiona kwenye kioo. Nyuma ya bega hakuna anayejiona. Nawafundisha kuinama kwa kukunja nyonga, mgongo umenyooka, kisha kufungua mikono pembeni, viwiko vitangulie, bila kujirusha. Kilo mbili, tatu, zinatosha. Na kila Jumamosi nasema maneno yale yale: anayenyanyua kilo kumi kwa zoezi hili ama anadanganya ama anataka kuchana bega.

Jumamosi ile Meneja akasema na Fundi ajaribu. Baba alikataa mara mbili, halafu akavua koti, akalikunja, akaliweka juu ya benchi. Nikampa kilo tatu tatu. Dada, laiti ungemwona. Aliinama kama anavyoinamia meza yake ya kazi, akafungua mikono taratibu, ikasimama juu bila kutetemeka, ikashuka taratibu zaidi. Mara kumi na tano. Kwenye fulana nyuma ya bega ulitokeza msuli umejaa kama ngumi. Miaka arobaini ya kuvuta msumeno na randa, na mimi mwanawe sikuwahi kuuona. Watu wakaacha vyuma vyao wakamzunguka. Keshia aliomba ruhusa akaugusa kwa kidole. Ndipo Meneja akasema kwa sauti, "Kocha, kumbe kocha mwenyewe ndiye huyu! Wewe ni msaidizi wake." Ukumbi mzima ukacheka. Baba naye akacheka kidogo, kisha akanitazama kuona kama nami nacheka. Nilicheka.

Mchana ule nilikupigia simu kukwambia Baba ameteleza bafuni. Nilikueleza habari za sabuni iliyoachwa sakafuni, nikataja mpaka rangi yake. Ukaomba uzungumze naye, ukamgombeza kwa kung'ang'ania zile ndala zilizolika. Nilikuwa nimesimama kando yake. Mkono wake ulikuwa umefungwa shingoni, simu ameishika kwa mkono wa kushoto, na alikujibu, "Kweli mama, nilizembea."

Hakuteleza, Dada. Hakuna sabuni.

Baada ya kile kicheko nilikwenda kwenye rafu, nikachukua vyuma viwili vya kilo kumi kumi, nikarudi navyo. Nikasema basi Fundi atuonyeshe na hivi. Nimeshachana karatasi mbili ambazo nilikuandikia kwamba nilikosea kukadiria uzito. Ukisoma hivyo utanisamehe, kwa kuwa kukosea ni kukosea. Sikukosea. Nilijua kilo ngapi nimeshika na nilijua zinafanya nini. Nilitaka ashindwe. Nilitaka mikono yake ikwame katikati, wamcheke kidogo kama walivyonicheka, halafu nimpokee vile vyuma kwa upole, nionekane mtoto mwema na tena kocha. Nilimwonea wivu baba yangu mzazi, mbele ya watu ambao hata majina yao kamili siyajui.

Alivitazama vyuma, akanitazama mimi. Akaniuliza kwa sauti ya chini, ili wengine wasisikie, "Hivi si vizito, mwanangu?" Nami nikamjibu kwa sauti iliyosikika kwa wote, "Mzee, kama unaogopa, basi." Akatikisa kichwa. Akasema, "Wewe ndiye mwalimu hapa." Akainama.

Mara ya kwanza mikono ilipanda. Ya pili ikapanda. Ya tatu nilisikia kitu kama kitambaa kinachochanwa. Hakuviachia vyuma vikaanguka. Aliviweka chini kimoja kimoja ili asiharibu sakafu ya kazini kwangu, ndipo akashika bega.

Hospitali, daktari alipouliza imekuwaje, nilifungua mdomo, na sijui ningesema nini, kwa sababu Baba aliniwahi. "Niliteleza bafuni." Daktari akanigeukia. Nikaitikia kwa kichwa. Tulipotoka aliniambia neno moja tu, kwamba wakubwa wangu wasije wakasikia, watanifukuza. Nikashusha pumzi. Katika yote niliyoyafanya siku ile, ile pumzi ndiyo inayoniondolea usingizi.

Halafu ikaja barua yako. Umeandika kwamba umefunga karakana yake na ufunguo umeuficha, kwa kuwa mtu anayeanguka hawezi kuachwa na misumeno. Umeandika kwamba unamsindikiza hata uani, kwamba anashinda barazani mikono magotini, na kwamba siku hizi habishani tena, "amekuwa mtulivu, nashukuru." Nilisoma mstari huo nikiwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nikaurudia mara tatu. Angekwambia sentensi moja tu ungempa ufunguo wake. Miezi miwili amekubali kufanywa mzee ambaye miguu haimbebi, ili wewe usinitazame vibaya.

Jumatatu nilimweleza mwenye ukumbi. Ameninyang'anya darasa, mengine atayaamua mwezi ujao. Jumamosi niliomba dakika tano nikawaeleza na wanafunzi kwamba yale hayakuwa bahati mbaya. Meneja aliinamisha kichwa. Keshia alichukua mkoba wake akatoka bila kuaga. Sikuelezi ili unionee huruma. Nakueleza ili usije ukasikia kwa mtu mwingine.

Miguu ya Baba haina tatizo lolote. Mpe ufunguo leo hii, usingoje nije. Kazi nzito asiiguse bado, lakini aingie, anuse mbao zake, apange misumari, amfokee mtu. Alhamisi nitafika, na nitamwambia mbele yako kwamba nilijua. Sitamwambia jambo jipya. Nadhani alijua tangu alipovitazama vile vyuma, na akainama hivyo hivyo.

Nisalimie shemeji, uwabusu watoto. Baba usimpe salamu zangu; nitakuja nazo mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba